Kidonge cha Jioni

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa fupi, na mtu mwenye akili tulivu angelijibu kabla chai haijapoa. Kama kidonge kimoja kwa siku kinanitosha mimi, kwa nini kisimtoshe na Tantine Nabintu, ambaye daktari alimwandikia viwili? Nililigeuza kila upande. Nilipima uzito wake na wangu, umri wake na wangu, bugali aliyokula yeye na niliyokula mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na shahada niliyoisomea kwenye kompyuta za hapa kambini, na nilijiaminisha kwamba swali ukikaa nalo muda mrefu mwishowe litatoa jibu. Hili halikutoa. Lilibaki swali mpaka lilipofika kwenye mguu wa mtu.

Wiki tatu zilizopita tulimzika Tantine hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Siku ya pili ya kilio nilikuwa nimekaa kwenye mojawapo ya mabenchi yaliyoletwa kutoka kanisani, sahani ya maharagi mapajani, pale mama mmoja wa korali aliponishika bega. "Lisansie," akasema, "we njo ulimuchunga muzuri. Bila we angeenda zamani." Lisansie ni jina la utani alilonipa Tantine mwenyewe, kwetu Bukavu mtu aliyemaliza chuo anaitwa hivyo, na yeye alilitamka kila siku kwa sauti nusu ya sifa, nusu ya dhihaka. Nilimjibu mama yule aksanti. Neno lilitoka kirahisi, na urahisi wake ndio ulionitisha. Karibu yangu walikuwa wanazungumza juu ya bei ya mkaa na juu ya nani ataosha masufuria, na mimi nilikuwa nimekaa na sifa isiyo yangu. Sijaweza kuirudisha kwa mdomo. Naijaribu kwa maandishi.

Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alinichukua nilipokuwa sina mtu, na majina yetu yaliandikwa kwenye dosie moja ya kuomba kuhamishiwa nchi nyingine: yeye kichwa cha familia, mimi chini yake. Kwa ninayotaka kusimulia, hayo yanatosha. Tuliishi kwenye nyumba ya tofali za udongo yenye chumba cha mbele, pazia, na chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa changu pamoja na vitambaa vyake. Barazani alikaa na cherehani ya kukanyaga, akishona sare za shule na magauni ya korali. Nilisoma shahada nzima nikisikia mguu wake ukipanda na kushuka kwenye ile pedali. Alikuwa na sukari tangu kabla sijahamia kwake. Jina lake lilikuwa kwenye rejista ya kituo cha afya, na kila mwezi alichukua paketi yake ya vidonge, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni, akavimeza baada ya chakula kwa namna watu wanavyofunga mlango, bila kufikiri.

Sukari yangu mimi ilianzia Nsungwi, kule Lilongwe. Kanisa moja la Wakongo liliniita kupanga karatasi zao, na Jumapili hiyo, baada ya ibada, wauguzi wawili walikuja kupima watu presha na sukari bure. Nilisimama kwenye foleni kwa sababu mimi husimama kwenye kila foleni ya kupimwa. Naogopa magonjwa kama wengine wanavyoogopa mbwa. Tulikuwa tumefunga tangu jana yake, kwa hiyo tumbo langu lilikuwa tupu. Muuguzi alinichoma kidole, akatazama mashine, akanichoma kingine. Akaniambia nirudi Jumanne kwenye kliniki yake, tena bila kula. Jumanne mashine ilisema karibu yale yale. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyeniita achimwene, yaani kaka, na alinieleza taratibu kana kwamba ananipa habari za msiba. Bado sina kisukari, alisema, lakini sukari yangu imepita pale inapotakiwa kukaa. Nikiendelea hivi inaweza kugeuka kisukari kweli, nikibadilika inaweza kurudi chini. Alitazama tumbo langu, akauliza nakaa saa ngapi kwenye kiti na chai yangu ina vijiko vingapi. Nilimwambia vinne. Hakucheka. "Dawa yenyewe ni miguu yako na sahani yako," alisema. "Kidonge hiki kimoja kwa siku kitakusaidia tu. Usikitegemee kama nguzo."

Akanipa vidonge vya mwezi mmoja na barua. Barua ilikuwa ya kupeleka kituo cha afya cha kambi, ili waniandike kwenye rejista ya wagonjwa wa kudumu na kunipa dawa kila mwezi, kama walivyokuwa wakimpa Tantine. Nyuma ya barua alinichorea duara: nusu mboga, robo nsima, yaani bugali, robo maharagi au samaki. Niliikunja mara nne. Kabla basi dogo la kurudi halijaacha barabara kubwa, nilikuwa nimekwisha kuamua kutoipeleka, ingawa nilijidanganya kwamba bado natafakari.

Lile duara lilikuwa na tatizo lake. Nyumbani kwetu hatukula kila mtu na sahani yake. Bugali ilitoka jikoni mlima mmoja kwenye sinia, mboga kwenye bakuli moja, na kila mkono ulichukua ulichochukua. Robo ya sinia ni ya nani? Siku ya kwanza nilichora mstari kwa kidole kwenye mlima wa bugali, upande wangu, ili nijue nitakapokoma. Tantine alisimamisha tonge hewani.

"We unapima shamba?"

"Hapana, Tantine. Napunguza tu."

"Unapunguza. Njo walikufundisha kwa iniversite, kukata bugali na mpaka kama Rwanda na Kongo?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, bila kucheka tena, "Uko mugonjwa?"

Nilimwambia. Sikumwambia habari za barua, ila za sukari nilimwambia, na alibaki akisukuma mfupa wa samaki wa usipa kwa ukucha. Kesho yake alikuwa amekwenda sokoni na kurudi na mgaiwa, ule unga usiokobolewa ambao sisi watu wa Bukavu tuliudharau kwa sababu unatoa bugali nyeusi inayokwaruza koo. Aliupika. Aliweka mboga ya lengalenga bakuli zima. Akanipa sahani yangu peke yangu, ya kwanza niliyowahi kulia katika nyumba ile, akaiweka mbele yangu kwa uangalifu, na nilijisikia mgeni. Chai akaacha kuitia sukari kwenye chupa. Kila mtu atie yake. Mimi sikutia. Yeye alitia viwili, akanitazama, akatia cha tatu.

Nilitembea. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilishika barabara ya kuelekea njia panda ya Dowa na kurudi, saa nzima. Vijana wa kabaza, baiskeli za kubebea abiria, walinizoea. Mwanzoni walisimamisha baiskeli, "Bwana, twende," kisha walipoona sipandi wala siendi popote wakaanza kuulizana kwa Kichewa kama nimechanganyikiwa. Kutembea bila mzigo na bila mahali pa kufika ni jambo gumu kueleza mahali ambapo watu hutembea wakiwa na kuni kichwani. Kidonge kilinisumbua tumbo wiki mbili za kwanza, na choo chetu tulikitumia familia nne. Nilijifunza kuhesabu hatua kutoka mlangoni. Hata hivyo nilikipenda. Kutembea hakuonekani, kupunguza bugali hakuonekani, lakini kidonge nakiona, nakihesabu, najua nimekimeza. Muuguzi aliniambia nisikifanye nguzo, na hicho ndicho nilichokifanya.

Vidonge vya mwezi viliisha. Barua ilikuwa bado chini ya godoro, na sababu yake alikuwa nayo jirani yetu, Papa Asukulu. Alikuwa mzee wa kanisa kutoka Fizi, aliyekodi kishamba kwa wanakijiji na kuuza unga wa muhogo. Jioni nyingi alikuja kuketi barazani kwetu wakati Tantine akishona, na mazungumzo yake yalikuwa ya jambo moja: nani dosie yake imepita, nani imekataliwa, na kwa nini. Hakuna ofisi iliyomtuma. Alikusanya habari kama mtu anavyokusanya vyuma chakavu.

"Banaangaliaka medikali kwanza," alikuwa amesema siku moja, kabla sijapimwa. "Mugonjwa moja kwa famii, sawa, banakubaliaka. Babili? Banasema hapana, hawa batatulia dawa yetu yote."

"Nani alisema, Papa?" niliuliza.

"Bantu."

"Bantu gani?"

"We Lisansie, kila kitu unataka uone signature." Akamgeukia Tantine. "Huyu atauliza Mungu karatasi siku ya mwisho."

Tantine hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kutazama kitambaa.

Hapa nataka kuwa mkweli. Nilikuwa na simu, na nilijua kusoma. Nilitafuta, nikasoma mara tatu, na kila nilichokisoma kilisema kwamba sukari haimfungii mtu mlango, na kwamba hata hali yangu haikuwa na uzito wowote kwenye mambo hayo. Niliamini nilichosoma kama mtu anavyoamini kwamba ndege haianguki, huku akishikilia kiti. Nilijiambia: waandishi wa maneno haya hawajui Dzaleka. Nilijiambia: tuseme Papa Asukulu ana haki mara moja kati ya mara kumi, nani atacheza na hiyo moja? Na kama tukikataliwa kwa sababu ya jina langu, nitamwambia nini mwanamke huyu anayekanyaga pedali miaka yote hii? Hofu yangu ilivaa nguo za hesabu, na mimi nilikuwa mtu wa kuheshimu hesabu.

Tantine aligundua paketi tupu alipokuwa akifagia. Akaniuliza kwa nini siendi kuchukua nyingine, na safari hii nikamweleza yote, barua, rejista, na jinsi maneno ya Papa Asukulu yalivyonitisha. Alisikiliza huku akipepea babula, jiko letu la mkaa, kwa kipande cha karatasi ngumu. Chumba kilijaa moshi. Kisha aliingia nyuma ya pazia, akarudi na paketi yake, akaiweka juu ya meza katikati yetu kama anavyoweka chumvi.

"Mi tayari niko mugonjwa kwa karatasi," alisema. "We ubakiye muzima. Cha asubui changu, cha mangaribi chako."

"Tantine, daktari alikuandikia viwili."

"Daktari aliandika viwili juu haniyui. Unga banatupatia ya bantu babili na tunakula na jirani, tulikufa?"

"Dawa si unga."

"Kila kitu ya kambi ni unga," alisema. "Tunagawa, tunaishi. Kunywa."

Nilikinywa. Ningependa kuandika kwamba nilikataa siku ya kwanza, au kwamba nilikubali kwa kumdanganya kisha nikakitema. Nilikinywa kwa maji ya kikombe chake, naye akanitazama mpaka koo langu lilipopanda na kushuka. Sijui kama watu wa mahali pengine wangekosea kosa hili. Hapa kila kilichoingia nyumbani kiligawanywa kwa idadi ya vichwa, na mwenye kugawa alikuwa mwenye upendo. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kipo kitu ambacho ukikigawa unaharibu pande zote mbili. Mimi niliambiwa, tena kwa maandishi: dozi yake ilikuwa imeandikwa juu ya paketi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye meza ile, na paketi ilikuwa katikati.

Miezi ilipita, na mwili wangu ukanishukuru kwa namna ya kuniaibisha. Mkanda ulirudi matundu mawili. Nilipokwenda tena Nsungwi kwa kazi za kanisa, muuguzi alinipima na kutikisa kichwa kwa furaha: sukari ilikuwa imeshuka hadi pale inapotakiwa. "Umetembea," alisema, "naiona kwenye uso wako." Akauliza kama kituo cha kambi wananipa dawa vizuri. Nikasema ndiyo. Barua nilikuwa nimeiteketeza kwenye babula mwezi uliotangulia. Njiani kurudi nilijiuliza kama ni miguu yangu, au mgaiwa, au kidonge cha jioni. Na kama ni miguu na mgaiwa, kidonge kile nilikuwa nakinywea nini. Ningeweza kuacha siku hiyo hiyo. Badala yake nilifikiri: huenda nikiacha itapanda tena. Mpaka tunapita Mponela nilikuwa nimetengeneza sababu nne za kuendelea, zote nzuri. Tena nilikuwa nimepitiwa. Basi lilitakiwa kunishusha mapema zaidi, na nililipia nauli nyingine kurudi nyuma.

Kwa Tantine mambo yalikwenda upande mwingine, na mimi niliyaona yote, kwa sababu sina kipaji cha kutoona. Alianza kubeba chupa ya maji barazani. Kisha mbili. Alianza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano, mara moja kwa siku, kisha kila uzi. "Macho imechoka na korali," alisema, "hawa bamama banapenda rangi ya giza." Alikonda mabegani. Wanawake walimsifu kwa kukonda, na Papa Asukulu akasema sasa amekuwa msichana, atamtafutia mchumba Uvira. Tantine alimjibu kwamba Uvira kuna wanaume wanaojua kunyamaza, ndiyo maana yeye hakutoka huko. Tulicheka wote watatu. Nakumbuka nilivyocheka. Nilikuwa na kidonge chake tumboni.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Kituo kilikuwa na wakalimani wake, lakini yeye alitaka mimi, kwa sababu, alisema, mtu akisema siri za tumbo lako lazima awe wako. Daktari alikuwa kijana wa Kimalawi, mwenye miwani, anayeandika upesi. Alipoona namba kwenye mashine aliweka kalamu chini.

"Amayi, mukumwa mankhwala?"

Swali hilo la Kichewa, kama anakunywa dawa, Tantine alilielewa hata bila mimi. Akanitazama. "Mwambie ninakunywa yote," alisema. "Asubui na mangaribi."

Nilifikiri kwa muda ambao daktari lazima aliuona. Kisha nikasema kwa Kiingereza safi, Kiingereza changu cha shahada, kwamba anakunywa vyote, asubuhi na jioni, bila kuruka. Daktari akaandika. Akasema kama ni hivyo, basi dozi haitoshi. Atamwongezea, viwili asubuhi, viwili jioni. Njia nzima ya kurudi Tantine alikuwa na furaha. "Umeona? Mungu ameongeza. Sasa hata we utapata viwili." Nilimwambia kimoja kinanitosha. Ndivyo nilivyofanya wema mwaka ule: nilikataa kidonge cha nne. Akameza vitatu siku chache, kisha tumbo likamvuruga, akarudi kwenye kimoja chake cha asubuhi na kunipa mimi kimoja cha jioni, na vilivyobaki akaviweka akiba kwenye kopo la vifungo, kwa siku ambayo kituo kitakosa dawa. Daktari sasa alikuwa anatibu mwanamke aliyekuwa kwenye karatasi tu. Yule wa barazani hakuwa na anayemtibu.

Pini niliiona mimi. Ilikuwa asubuhi, anamalizia sare za shule moja ya Dowa, na mimi natoka kutembea. Kwenye sakafu ya baraza palikuwa na alama ndogo nyekundu, zimejipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye cherehani. Nilidhani ni rangi ya kitambaa. Mguu wake ulikuwa unapanda na kushuka kama siku zote.

"Tantine, simamisha mguu."

"Nakuwa na sare kumi na mbili hapa."

"Simamisha."

Aliposimamisha nilipiga magoti, nikavua ndala yake. Pini ya kushonea, ile yenye kichwa, ilikuwa imepita kwenye mpira wa ndala na kuzama kwenye nyama chini ya kidole kikubwa mpaka kichwani. Alikuwa ameikanyaga, na kuikanyagisha pedali, asubuhi nzima. Nilimtazama usoni nikitafuta maumivu. Alikuwa anatazama sare.

"Inauma?"

"Nini?"

Niliivuta. Akaniuliza kama nimemaliza. Alipoona damu mkononi mwangu alishangaa kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani, akasema afadhali, maana ingekuwa inauma angeacha kazi. Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Nilijua maana ya mguu usiosikia. Nilikuwa nimesoma kurasa zote, kwa sababu nilikuwa nimezisoma kwa ajili ya miguu yangu mwenyewe. Nilisema twende kituoni. Alisema tukimaliza sare. Sare ziliisha siku ya nne, na siku ya nne kidole kilikuwa na rangi ya mbilingani na harufu iliyofika mpaka kwenye vitambaa vya chumba changu cha mbele.

Walimpeleka Lilongwe kwa gari la wagonjwa. Vidole viwili vilikatwa. Nililala kwenye korido pamoja na wengine waliokuwa wakiuguza ndugu zao, nikapika nsima kwenye jiko la pamoja nje, nikasikia wanawake wakiulizana kila mmoja mgonjwa wake ana nini. Niliposema sukari, mmoja akasema, "Zikomo kwa kumtunza mama yako." Wodi ilikuwa na harufu ya sabuni na ya maandazi yaliyoletwa na ndugu za watu. Hospitalini muuguzi alimpa Tantine vidonge mkononi na kusimama mpaka ameze, vinne kwa siku, na baada ya wiki moja sukari yake ilianza kushuka. Niliitazama ile karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Swali langu la mwaka mzima lilikuwa limejibiwa kwa kalamu ya bluu, namba chini ya namba, na mtu asiyejua kwamba lilikuwa limeulizwa.

Tuliporudi kambini alitoa paketi mpya, akaiweka mezani. Nilisema sitaki. Alisema nisilete ujinga sasa, vidole vimekwenda tayari, dosie imebaki. "Nimetoa vidole yangu juu ya hii," alisema. "Na we unataka nitoe bure?" Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu kwa hesabu yake lilikuwa sahihi. Sikukinywa. Lakini naye hakukinywa. Kila jioni alikiacha juu ya meza upande wangu, na asubuhi nilikikuta, na tulikipita wote wawili tukienda kwenye chai. Vilifika sita. Nilijua hatavigusa kamwe maadamu mimi, kwa macho yake, nilikuwa mgonjwa asiye na dawa. Ingebidi niwe nayo. Ingebidi niwe na paketi yenye jina langu.

Nitasema sasa kilichotokea baadaye, nisije nikamdanganya msomaji kwa mwisho mzuri. Mguu ule ulikatwa chini ya goti miaka miwili baadaye, figo zikafuata, na mwaka huu alikwisha. Dosie yetu haikuwahi kuitwa, si kwa medikali, si kwa kitu chochote. Hakuna aliyewahi kutuuliza nani mgonjwa. Huenda uharibifu ulikuwa umekwisha kuanza kabla yangu. Daktari mmoja aliniambia hivyo, kwa huruma, na mimi nimeigeuza sentensi yake mara nyingi kama nilivyoligeuza swali langu. Siwezi kujua miezi ile kumi ya kidonge cha jioni ilichukua kipande gani cha mwili wake. Najua tu nani alikimeza.

Siku ya kliniki iliyofuata tuliketi mbele ya daktari yule yule wa miwani. Tantine alikuwa na mkongojo na kanga ya kufunika bendeji. Daktari alisoma barua ya hospitali, akakunja uso. Hakuelewa, alisema, kwa nini dawa ilifanya kazi Lilongwe na haifanyi kazi hapa. Huenda ikabidi aanze sindano za insulini. Akauliza kama nyumbani kuna friji. Nilitafsiri. Tantine aliuliza friji ya nini, sisi hata balbu hatuna. Daktari akachukua kalamu, akauliza tena, kwa utaratibu tu, macho yake yakiwa kwenye karatasi, kama alikuwa anakunywa vidonge vyote.

"Mwambie yote," alisema Tantine.

Nilisema kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu sikutaka nimseme mbele yake kwa lugha asiyoisikia. "Tantine, ninamwambia kweli."

"Nyamaza."

"Ninamwambia kwamba ulikuwa unanipa."

"Justin," alisema, jina langu lenyewe, na akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana kwa vidole vya mshonaji vinavyojua kubana. "Nyamaza. Nyamaza, mutoto yangu."

Nilimwambia daktari. Nilisema alikuwa anameza nusu ya dawa yake kwa muda wa miezi kumi na kwamba nusu nyingine nilikuwa naimeza mimi. Nilisema mimi ndiye niliyesema uongo mara ile, si yeye, kwa kuwa yeye hajui Kiingereza. Nilisema nilipimwa Lilongwe, sukari yangu ilikuwa imepanda, bado si kisukari, nilipewa barua nikaichoma. Daktari alivua miwani. Alinitazama, kisha akamtazama Tantine, na nadhani alielewa jambo zima upesi kuliko nilivyotarajia, kama mtu aliyewahi kuliona kwenye nyumba nyingine. Hakunikaripia. Alifuta mstari kwenye kijitabu cha Tantine, akaandika upya dozi ile ya hospitali, akasema insulini tutaiongelea baada ya mwezi mmoja wa ukweli. Kisha akavuta rejista kubwa kutoka rafuni, akaifungua ukurasa wenye nafasi.

Tantine alikuwa ameachia mkono wangu. Alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta, pale palipobandikwa picha ya mama anayenyonyesha, na mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini bila sauti.

"Jina," alisema daktari.

Nikampa la kwanza, nikampa la ukoo, nikampa namba ya dosie yetu, tarakimu moja baada ya nyingine, nikasubiri mpaka nikaona amemaliza kuziandika.